Ramani Iliyochorwa kwa Masikio

Printa kubwa ilikuwa bado inaitoa karatasi taratibu pale mzee mmoja, aliyekuwa amekaa kwenye benchi akisubiri kadi zake za harusi, aliponyanyuka kuja kuangalia. Lilikuwa duka dogo la kuchapisha, Kariakoo, feni moja na foleni ndefu. Nilikuwa nimepeleka kwenye flashi picha ya ramani ya mwaka 1856: pwani yetu kuanzia juu ya Mombasa hadi kusini ya Kilwa, na bara nyuma yake. Katikati ya bara hilo kuna ziwa moja, kubwa kupita kiasi, pana upande wa kaskazini, kisha linapungua unene na kupinda mkia kuelekea Kilwa.

"Hili ziwa gani?" aliuliza kijana wa printa.

"Yote matatu," nilimjibu. "Victoria, Tanganyika na Nyasa. Walidhani ni ziwa moja."

Kijana alicheka. Mzee hakucheka. Aliinamia karatasi, akaweka kidole ubavuni mwa ziwa, palipoandikwa jina la Ujiji kwa tahajia ya Kijerumani.

"Mimi kwetu hapa," alisema. "Hewa ikiwa safi, milima ya Kongo unaiona ng'ambo ile. Huyu aliyechora hakufika."

Akanyamaza kidogo, kidole bado kipo palepale.

"Ila kuna mtu alimwambia, mwanangu. Na huyo alifika. Si unaona Ujiji ameiweka ufukweni, tena ufukwe wa huku mashariki?"

Kadi zake zikawa tayari, akaaga, akaenda zake. Mimi nikabaki na swali ambalo limenisumbua wiki nyingi sasa: nani alimwambia?

Waliokuwa Rabai

Johannes Rebmann na Jakob Erhardt walikuwa Wajerumani waliotumwa na shirika la kimisionari la Kiingereza, Church Missionary Society. Makao yao yalikuwa Rabai, nyuma ya Mombasa. Rebmann ndiye aliyeandika kwamba tarehe 11 Mei 1848, akiwa safarini kwenda Uchagani pamoja na kiongozi wake wa msafara, Bwana Kheri wa Mombasa, aliona weupe juu ya Kilimanjaro na akatambua kuwa ni theluji. Mwaka uliofuata mwenzao, Ludwig Krapf, aliuona Mlima Kenya kutoka Ukambani, baada ya Kivoi, mkubwa wa Kitui, kumsimulia habari zake. Zaidi ya hapo bara halikuwafungukia. Nchi ya maziwa hawakuikanyaga, wala mmoja wao hakuwahi kuyaona maji yale kwa macho.

Walichokuwa nacho ni masikio.

Mwaka 1854 Erhardt alikaa Tanga kwa miezi kadhaa. Tanga ya wakati ule ilikuwa mji wa misafara. Watu walitoka pale na shanga, nguo na nyaya, wakaenda kutafuta pembe hadi nchi za Wamaasai na mbele yake. Walirudi baada ya miezi, waliojaliwa kurudi, na habari zao zilikuwa mali kama pembe zenyewe, kwa sababu msafara ufuatao ulitegemea kujua wapi kuna maji, wapi kuna hongo, yaani ushuru wa kupita, wapi kuna njaa. Erhardt aliuliza na akaandika: siku za mwendo, majina ya vituo, majina ya makabila, mito ya kuvuka. Rebmann naye aliuliza hukohuko Rabai na Mombasa.

Njia tatu zilijitokeza. Ya kwanza ilitoka Tanga na kupita nchi za Wamaasai. Ya pili ilianzia Bagamoyo na Mbwamaji, ikakata Unyamwezi hadi Ujiji. Ya tatu ilitoka Kilwa kwenda Nyasa. Na jambo lililowatatiza wamisionari wale ni kwamba kila njia, ingawa zilianza mbali sana moja na nyingine, iliishia majini.

Wanavyosimulia wenyewe, siku moja ya Novemba 1854, walipokuwa wanalizungumza tatizo hili, wazo liliwajia wote wawili kwa pamoja: kama watu wote hawa wanafika majini, basi ni maji yaleyale. Ziwa moja. Bahari ya ndani.

Erhardt aliichukua ramani hiyo Ulaya mwaka 1855. Ilionyeshwa kwa wanajiografia wa London, na mwaka 1856 ikachapishwa Gotha, Ujerumani, katika jarida la August Petermann, aliyekuwa miongoni mwa wachoraji ramani walioheshimiwa sana wakati wake.

Kicheko cha London

John Hanning Speke, msafiri Mwingereza, aliandika baadaye kwamba lile ziwa lilifanana na koa mkubwa mno, na kwamba kila aliyeitazama ile ramani alicheka na kutikisa kichwa. Jina likakwama. Mpaka leo wanaoifahamu huiita ramani ya koa.

Lakini Speke huyohuyo alikiri kwamba bila wamisionari wale safari yake isingekuwapo. Jumuiya ya Kijiografia ya Kifalme ya London ilimtuma yeye na Richard Burton kwenda kutazama, na Juni 1857 msafara wao uliondoka pwani. Novemba walikuwa Kazeh, ambayo leo ni Tabora.

Hapa ndipo niliposimama nikasoma mara ya pili.

Pale Kazeh waliishi kwa ukarimu wa mfanyabiashara mmoja Mwarabu, Snay bin Amir, ambaye biashara ya pembe na watumwa ilikuwa imempitisha sehemu nyingi za bara. Walimwonyesha mambo ya ramani. Akawaambia wazi kwamba si ziwa moja, ni matatu. La Nyasa liko kusini. La Ujiji liko magharibi. Na kaskazini kuna jingine, ambalo ni kubwa kuliko la Ujiji. Walifika Tanganyika Februari 1858 na kuona kuwa alisema kweli. Speke akaenda kaskazini peke yake, na tarehe 3 Agosti akasimama kwenye kilima karibu na Mwanza ya leo, akaona maji yasiyo na mwisho. Akayapa jina la malkia wake.

Vitabu vinasema koa aliuawa na Burton na Speke. Mimi nasema koa alikufa barazani Kazeh, kwa mazungumzo, kabla ya Mzungu yeyote wa msafara ule kuona tone la maziwa yale. Waliofuata walikwenda kuthibitisha.

Kisha nikafanya kitu ambacho ningemshauri kila anayeipenda ramani hii akifanye. Nilichukua ramani ya leo nikalinganisha digrii. Ziwa Victoria linaanza karibu nusu digrii kaskazini ya Ikweta. Ncha ya kusini ya Nyasa iko karibu digrii 14 na nusu kusini. Koa naye? Anaanzia jirani na Ikweta na mkia wake unapita digrii 13 kusini. Wanaume wawili walioketi Rabai, bila kupima nyota hata mara moja huko bara, walipata urefu wa ukanda wote wa maziwa kwa kuhesabu siku ambazo watu wengine walitembea na mizigo kichwani.

Hata mkia kupinda kuelekea Kilwa si upuuzi. Nyasa ndilo lililo karibu zaidi na pwani kati ya yale matatu upande wa kusini, na watu wa Kilwa walijua hivyo kwa miguu yao.

Kosa liko wapi basi?

Kosa liko kwenye kuunga. Mtu wa Tanga alisema kweli. Mtu wa Bagamoyo alisema kweli. Mtu wa Kilwa alisema kweli. Hakuna hata mmoja wao, kwa ninavyoisoma habari hii, aliyedai kuwa maji yake ndiyo maji ya mwenzake. Walioketi mezani ndio walioyamwaga pamoja.

Waliouliza kabla yao

Tangu hapo siwezi kutazama ramani ya zamani bila kutafuta aliyeulizwa.

Ptolemaio wa Aleksandria, karne ya 2, alikuwa na habari za pwani yetu kutoka kwa mabaharia. Anataja Rhapta, bandari iliyokuwa mahali fulani kwenye pwani ya Tanzania ya leo, na anaweka maziwa mawili ya Nile chini ya Milima ya Mwezi. Mmoja wa waliompa habari hizo kupitia vitabu vya watangulizi wake ni baharia aitwaye Diogenes, aliyesukumwa na upepo hadi pande hizi. Baharia mmoja, upepo mmoja, na maziwa yale mawili yakakaa kwenye ramani za watu kwa zaidi ya miaka elfu moja na mia tano. Ramani za Kiholanzi za karne ya 17 bado zinayo.

Al-Idrisi alikuwa mtu wa namna nyingine, na namheshimu kuliko wote. Alifanya kazi Palermo, kisiwani Sicily, kwa Mfalme Roger wa Pili, na kitabu chake kikakamilika mwaka 1154. Kusini kwake ni juu, kama ilivyokuwa kawaida ya ramani nyingi za Waislamu wa zama zile, hivyo pwani ya Malindi na Mombasa unaitafuta sehemu ya juu ya karatasi. Kilichonigusa zaidi ni namna yake ya kuuliza. Wasafiri waliitwa na kuhojiwa, habari zao zikalinganishwa, zilizokubaliana zikaandikwa na zilizopingana zikaachwa. Kazi hiyo ilichukua miaka kama 15. Erhardt na Rebmann walilinganisha pia, lakini walipoona habari zinakubaliana kwamba kuna maji, walivuka hatua moja zaidi ya walivyoambiwa.

Kabla ya al-Idrisi kipo kitabu kilichotungwa Misri katika karne ya 11, zama za watawala wa Fatimiya, ambacho nakala yake ilinunuliwa na maktaba ya Bodleian ya Oxford mwaka 2002. Bahari ya Hindi humo imechorwa kama yai lenye visiwa ndani. Kisiwa kimoja ni Unguja, kwa jina lake. Miaka elfu moja iliyopita, mtu Cairo alilijua jina ambalo mama anayeuza urojo Forodhani analitaja leo. Ni mabaharia tu wangeweza kumpelekea.

Wareno walileta jambo jipya: siri. Mfalme wao hakutaka habari za njia ya India zitoke Lisbon, kwa hiyo mwaka 1502 mtumishi wa mtawala wa Ferrara, Alberto Cantino, alilipa ducati 12 za dhahabu apate nakala ya ramani ya dunia kwa mlango wa nyuma. Nakala hiyo ina miji ya pwani yetu miaka michache tu baada ya Vasco da Gama kupita. Karne nyingi baadaye, mwaka 1859, ilikutwa katika duka la mchinja nyama mjini Modena, ikitumika kama pazia. Leo iko maktaba ya Estense hapohapo Modena.

Halafu kuna wale waliokataa kusikia.

Mfaransa Jean-Baptiste d'Anville, kwenye ramani yake ya Afrika ya 1749, alifuta kila ambacho hakuweza kukithibitisha. Wataalamu wanamsifu kwa uaminifu, na uaminifu upo kweli: tembo na milima ya kubuni iliondoka. Lakini weupe ule uliobaki ulikuwa na madhara yake. Mtu wa Paris akitazama mahali peupe haoni "hatujauliza". Anaona "hakuna kitu". Wakati huohuo Wanyamwezi walikuwa na mashamba yao, watemi wao na njia zao.

Na William Desborough Cooley, mwanajiografia wa London, ambaye hakukanyaga Afrika maishani mwake, alimhoji Khamis bin Uthman, mfanyabiashara wa pwani yetu aliyefika London miaka ya 1830. Alipata kwake hazina. Kisha akachora ziwa moja, miaka kumi kabla ya koa, akalitetea kwa ukali. Rebmann alipoandika juu ya theluji ya Kilimanjaro, Cooley akasema haiwezekani. Aliendelea kusema hivyo hata baada ya msafiri Mjerumani, Baron von der Decken, kupanda mlima huo mwanzoni mwa miaka ya 1860 na kunyeshewa theluji huko juu. Mchaga yeyote angeweza kumweleza.

Kinachonivuta

Nimeulizwa na rafiki zangu kwa nini napenda makaratasi haya. Jibu la haraka ni uzuri, na sitaukana.

Niliwahi kuruhusiwa kushika, kwenye maktaba moja, ramani ya Afrika ya Willem Blaeu, mchoraji wa Amsterdam wa karne ya 17. Karatasi yake ilitengenezwa kwa matambara ya kitani, ndiyo maana haijawa njano wala kuvunjika kama gazeti la miaka ishirini. Ukiielekeza kwenye mwanga unaona alama ya kiwanda ndani yake. Ukipitisha kidole pembeni unahisi bonde jembamba kuzunguka picha yote: hapo ndipo sahani ya shaba ilipokandamizwa. Mchongaji alichonga kila herufi kinyumenyume kwenye shaba hiyo ili ikichapwa isomeke sawa, na rangi zikatiwa kwa brashi, nakala moja baada ya nyingine. Juu kuna picha za miji tisa, mmoja ukiwa Msumbiji kisiwani. Pembeni kuna watu wamesimama na mavazi yao. Ndani kuna tembo, simba na mbuni, na yale maziwa ya Ptolemaio.

Nilikaa nayo mpaka niliposhikwa bega kwamba muda umekwisha.

Uzuri huo una gharama yake. Atlasi nyingi za zamani zimechanwa kurasa ili kila ramani iuzwe peke yake kwenye fremu, na kitabu kilichodumu miaka mia tatu kinakwisha kwa mchana mmoja. Wapo pia wezi. Mwaka 2005 muuzaji maarufu wa ramani wa Marekani, Edward Forbes Smiley, alikamatwa chuoni Yale baada ya mfanyakazi wa maktaba kuona wembe umeanguka sakafuni. Alikiri kuiba ramani 97 kutoka maktaba mbalimbali. Kila karatasi iliyokatwa namna hiyo inapotea mara mbili, kwa sababu ukitenganisha ramani na kurasa zake unaitenganisha na maelezo ya namna ilivyopatikana.

Na maelezo ndiyo ninayoyataka. Ramani ya koa ilitoka pamoja na maandishi ya Erhardt, njia baada ya njia, kituo baada ya kituo. Anayeinunua kwenye fremu anapata ziwa la kuchekesha. Anayeisoma pamoja na maandishi anasikia watu wanaongea.

Rula

Miaka thelathini baada ya koa, mwaka 1886, Waingereza na Wajerumani walikubaliana mpaka kati yao. Unaanza pwani, mdomo wa mto Umba, unakwenda moja kwa moja bara, unazunguka Kilimanjaro upande wa kaskazini, kisha unaendelea moja kwa moja hadi mahali ambapo digrii 1 kusini inakutana na ufukwe wa mashariki wa Ziwa Victoria. (Ile hadithi kwamba malkia wa Uingereza alimpa mjukuu wake wa Ujerumani mlima kama zawadi haina ukweli, ingawa bado inafundishwa.)

Tazameni tofauti. Koa alijengwa na watu waliotembea. Kila jina lake lina mguu nyuma yake. Mstari wa 1886 hauna mtu hata mmoja nyuma yake, si Mmaasai aliyekuwa na ng'ombe pande zote mbili, si mfanyabiashara, si mbeba mizigo. Una pwani, una mlima, una ziwa, na kati yao una rula. Kwa vipimo, ramani ya mwaka huo ni sahihi kuliko ya 1856 kwa mbali. Na ndiyo iliyotufanyia madhara.

Ndiyo maana nimeacha kupima ramani za zamani kwa usahihi wake tu.

Njia ya Kilwa

Hapa ndipo shaka iliponipata, na bado ninayo.

Kwa muda nilikuwa nikiwaza wale waliomwambia Erhardt kama mashujaa waliosahauliwa. Watu wetu, elimu yetu, ramani yetu iliyochukuliwa na wengine. Ni wazo tamu kwa mtu wa pwani. Lakini hebu tazama tena njia ile ya tatu, ya Kilwa kwenda Nyasa. Mwaka 1854 njia hiyo ilikuwa ya watumwa. Vituo vile vilivyoandikwa kwa mpangilio ni vituo vya watu waliofungwa minyororo, na siku za mwendo zilizohesabiwa ni siku ambazo wengine walikufa. Snay bin Amir ninayemsifu hapo juu alikuwa sehemu ya biashara hiyo. Aliyejua njia aliijua kwa sababu aliitumia, na kazi aliyoifanyia hatuwezi kuifunika kwa sababu alitupa digrii sahihi.

Je, nikiandika majina yao kwenye ramani, nawaheshimu akina nani?

Nilitaka kuiacha makala hii hapo, kwa siku kadhaa. Kilichonirudisha ni Salimini.

Salimini alikuwa mtu wa nchi za Nyasa. Alichukuliwa, akauzwa, akafika Mombasa akiwa mtumwa. Rebmann alikutana naye miaka hiyohiyo ya ramani, akaketi naye Rabai na kuandika, neno baada ya neno, lugha ya kwao. Kazi hiyo ilikuwa kubwa. Rebmann aliishi Rabai karibu miaka 30 bila kurudi kwao, akaondoka mwaka 1875 macho yakiwa yamekwisha, akafa mwaka 1876. Mwaka uliofuata Krapf akaichapisha kamusi ya lugha ya Nyasa kutokana na karatasi zake. Kila neno humo, la samaki, la mtumbwi, la mvua, limetoka kinywani mwa Salimini.

Kwa hiyo pale Rabai, wakati mkia wa koa unachorwa, alikuwapo mtu ambaye njia ya pwani aliijua kwa kuburutwa. Wabeba mizigo Wanyamwezi waliojua njia ya Ujiji waliijua kwa uzito mabegani. Wafanyabiashara waliijua kwa faida. Zote tatu ni elimu, na ramani moja imezibeba zote bila kutofautisha. Nadhani hicho ndicho nilichokuwa nakitafuta tangu dukani: nilitaka mtu mmoja wa kumpa sifa, na karatasi hii ina watu wengi wasiolingana, mwindaji na mwindwaji wakiwa kwenye mstari mmoja wa wino.

Hilo halinifanyi niipende pungufu. Linanifanya nitake lebo tofauti.

Kila mahali nilipoiona ramani hii imetajwa, kwenye vitabu, kwenye orodha za wauzaji, imeandikwa majina ya Erhardt na Rebmann, na mara nyingine Petermann. Majina hayo yabaki, wameyastahili. Walikuwa na subira ya kusikiliza wakati ambapo Cooley alikuwa na uhakika bila kusikiliza. Lakini tuna makumbusho, tuna Rabai yenyewe ambako kanisa la Krapf na Rebmann ni sehemu ya kumbukumbu, tuna Bagamoyo, tuna Ujiji, tuna Kilwa Kivinje. Kama mahali popote kati ya hapo patatundikwa nakala ya koa, naomba chini yake paandikwe hivi: ramani ya njia tatu za bara, kwa maelezo ya wafanyabiashara, wabeba mizigo na watumwa wa Tanga, Bagamoyo, Kilwa na Mombasa, iliungwa na J. Erhardt na J. Rebmann, Rabai, 1854 hadi 1855. Maziwa yalitenganishwa na Snay bin Amir, Kazeh, 1857.

Na pembeni yake iwekwe kamusi ya Salimini, imefunguliwa.